Dakika ya 73 walikuwa sawa: Kibadeni, Masimenti na bao la tatu

Mbele ya wazee wa Simba wanaokunywa kahawa jioni pale Msimbazi, taja sita tu. Mazungumzo yatajiendea yenyewe hadi Julai 19, 1977, siku Yanga walipofungwa 6-0 katika uwanja ambao leo tunauita Uhuru, na Abdallah Kibadeni, King Mputa, akaondoka na mabao matatu. Hilo analijua hata kijana aliyezaliwa miaka 30 baadaye. Jinsi mabao yale yalivyopangika ndani ya dakika 90, wanaolijua ni wachache, na ukubwa wa mshambuliaji yule umo humo kuliko katika ile jumla ya sita.

Tuyapange. Kibadeni alifungua dakika ya 10. Dakika ya 20 Selemani Sanga wa Yanga akajifunga. Kibadeni tena dakika ya 42, timu zikaenda mapumziko 3-0. Kipindi cha pili Jumanne Hassan, maarufu Masimenti, akafunga dakika ya 60 na ya 73. Kibadeni akafunga hesabu dakika ya 89.

Sasa simama pale dakika ya 73. Ubao unasoma 5-0. Kibadeni ana mawili, Masimenti ana mawili. Zimebaki dakika 17, na yeyote kati yao atakayefunga tena ndiye jina lake litaimbwa na wajukuu wa watu waliokuwa uwanjani. Masimenti alikuwa bao moja tu nyuma ya jambo ambalo lingemfanya awe yeye tunayemzungumza leo. Kwenye simulizi za vijiweni anatajwa kwa pumzi moja, "na Masimenti naye alikuwepo", kisha watu wanarudi kwa King. Mtu aliyefunga mawili katika ushindi mkubwa kuliko wote wa watani wa jadi anastahili zaidi ya pumzi moja.

Tazama pia nafasi kati ya bao na bao: dakika 10, kisha 22, 18, 13, 16. Hakuna pengo lililozidi dakika 22. Timu inayoporomoka kwa kawaida hufungwa kwa mkupuo, mawili au matatu ndani ya dakika kumi, halafu inajikusanya, inarudisha viungo nyuma, mechi inafia hapo. Mechi ya 1977 haikwenda hivyo. Ilikuwa presha ya dakika zote 90, na Simba hawakupunguza mwendo walipokuwa na tatu, wala nne, wala tano. Linganisha na kipigo cha Juni 1, 1968, Yanga walipoifunga Simba, wakati ule ikiitwa Sunderland, 5-0. Siku ile Maulid Dilunga alifunga dakika ya 18 kwa penalti na dakika ya 43, Salehe Zimbwe dakika ya 54, kisha kimya cha dakika 32 hadi Kitwana Manara alipofunga dakika ya 86 na Zimbwe akaongeza dakika ya 89. Ni ushindi mkubwa, wenye haki yake katika kumbukumbu za Jangwani, makao ya Yanga, ila umbo lake ni tofauti: mechi ilipoa, ikaja kuwaka mwishoni wakati miguu ya waliofungwa imechoka.

Umbo hilo ndilo linaloeleza kwa nini 1968 hakuna aliyepata matatu. Dilunga alikuwa na mawili kabla ya mapumziko na kipindi kizima mbele yake, hakuongeza. Zimbwe la pili alilipata dakika ya 89, saa ya refa imeshaisha. Washambuliaji wawili, mawili mawili, na mpira wa mechi, ule wa mfungaji wa matatu, hakuondoka nao mtu.

Hapa ndipo swali la kitaalamu linapoanza. Watani wamepigana vipigo vikubwa mara kadhaa. Mbona bao la tatu la mtu mmoja limekuwa gumu namna hii, hata amebaki Kibadeni peke yake?

Chukua Mei 6, 2012. Simba 5, Yanga 0. Emmanuel Okwi alifunga dakika ya kwanza kabisa, na kipindi cha pili akaongeza la pili. Mabao mengine matatu yote yalikuwa ya penalti, na wapigaji wakawa watatu tofauti: Patrick Mafisango, Felix Sunzu na Juma Kaseja. Kaseja alikuwa kipa. Penalti ya Kaseja na ya Sunzu zilikuja baada ya Okwi kufikisha mawili. Angechukua mpira mojawapo akauweka mwenyewe kwenye alama, huenda leo tungekuwa na majina mawili kwenye ukurasa wa Kibadeni. Siku ile Simba waligawana furaha, na kwa Mafisango, aliyefariki kwa ajali ya gari siku 11 baadaye, ni jambo la kushukuru kwamba alipewa ile nafasi. Lakini rekodi haiandikwi kwa ukarimu, na uamuzi wa nani apige penalti ndio uliomzuia Okwi.

Chukua Novemba 5, 2023. Yanga 5, Simba 1. Kennedy Musonda dakika ya 3, Kibu Denis akasawazisha dakika ya 9, kisha Maxi Nzengeli dakika ya 64, Stephane Aziz Ki dakika ya 73, Maxi tena dakika ya 77. Maxi alikuwa na mawili na dakika 13 mkononi. Bao la tano lilipatikana kwa penalti dakika ya 87, mpigaji Pacôme Zouzoua. Mara ya pili ndani ya miaka 12, katika kipigo cha mabao matano, yupo mtu mwenye mawili na penalti inayokwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni mgawanyo wa mipira iliyokufa, hasa penalti. Timu za sasa zina orodha ya wapigaji inayopangwa kabla ya mechi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Straika si lazima awe wa kwanza. Orodha ya mabao sita ya 1977, jinsi inavyosomwa miaka yote, haina alama ya penalti hata moja, na hilo linaupa uzito wa ziada ufungaji wa Kibadeni.

Sababu ya pili ni mabadiliko ya wachezaji. Kanuni za mpira za miaka ya 1970 ziliruhusu mabadiliko yasiyozidi mawili. Leo ni matano. Kocha anayeongoza 3-0 au 4-0, akiwa na mechi ya mashindano ya Afrika (CAF) mbele yake, humtoa straika wake dakika ya 65 au ya 70 ili asiumie. Mwenye mawili anakwenda benchi akipigiwa makofi, na la tatu linabaki hewani. Mwaka 1977 straika alikuwa na uhakika mkubwa wa kufika dakika ya 89.

Sababu ya tatu iko uwanjani na ndiyo nzito kuliko zote. Straika akishafunga mawili, beki mmoja hupewa kazi ya kumfuata kila anapokwenda, na kiungo mkabaji huvutwa karibu naye kuziba pasi. Anaanza kupokea mpira akiwa ameipa goli mgongo, badala ya kuupokea akikimbia. Hapo ana njia mbili. Anaweza kung'ang'ania katikati na kupotea, au anaweza kushuka na kutanuka ili yule beki amfuate, mwenzake apate uwazi. Usome tena mtiririko wa 1977 kwa jicho hilo: Kibadeni mawili hadi dakika ya 42, kisha dakika 47 bila bao lake, na ndani ya dakika hizo hizo Masimenti anafunga mawili. Washambuliaji wawili wanaofunga kwa kupokezana hivyo wanakuwa wanafunguliana njia. Bao la dakika ya 89 lilikuja ukuta ukiwa umelazimika kuwatazama wawili kwa nusu saa nzima. Kwa usomaji huu, Kibadeni asingekuwa na matatu kama Masimenti asingekuwa na mawili.

Upo upande ambao mashabiki wa Simba hawapendi kuugusa, na ni haki uguswe. Yanga ya Julai 1977 ilikuwa Yanga iliyojeruhiwa. Mgogoro wa klabu ile katikati ya miaka ya 1970 uliwagawa wanachama katika kambi mbili zilizopewa majina ya viatu, Kandambili na Raizoni, na mwaka 1976 ukazaa klabu mpya, Pan African. Sehemu kubwa ya kikosi iliondoka nayo. Kipa Juma Pondamali na mabeki Leodegar Tenga na Jella Mtagwa, waliokuja kuwa nguzo za Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980, walikuwa watu wa Pan. Klabu iliyogawanyika namna hiyo inaweza kupata mbio na nguvu kwa vijana wapya, lakini mawasiliano ya mabeki hayapatikani kwa msimu mmoja: nani atoke kumkabili mwenye mpira, nani abaki, nani aite mstari wa mabeki usogee mbele. Bao la kujifunga la dakika ya 20 ni aina ya kosa linalotokea palipo na ukuta usiozoeana.

Hilo halimpunguzii Kibadeni chochote. Straika hachagui beki. Dhidi ya ukuta dhaifu wengi hufunga moja, mawili, wakaridhika, maana mechi imeshakwisha na miguu inaanza kulindwa. Kufunga dakika ya 89 wakati timu yako inaongoza 5-0 kunahitaji mtu ambaye bado anakimbia kuwahi mpira ambao hauhitajiki kwa matokeo. Lakini ukiificha habari ya Pan African, unamgeuza kuwa mtu wa miujiza, na mtu wa miujiza hana cha kumfundisha kijana wa timu ya vijana anayetaka kujua nafasi inapatikanaje ndani ya boksi.

Kumbukumbu ya Dar es Salaam ina mizani yake, na jiwe la mizani hiyo ni mtani. Ulimfunga nani? Ukimfunga mtani, umeingia. Usipomfunga, mabao yako ya kwingine yanahesabiwa kwa kidole cha mwisho. Anayeumia zaidi kwa mizani hii, kwa hukumu ya makala haya, ni Thuwein Ally. Mwaka 1979, katika Klabu Bingwa Afrika, Simba walifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia hapa Dar es Salaam. Watu waliiaga timu kwa huzuni. Kule Lusaka Simba wakashinda 5-0 na kusonga mbele, na Thuwein akafunga matatu. Ugenini, timu ikiwa nyuma kwa manne. Mwaka uliofuata kule Lagos, Taifa Stars walifunga mabao matatu tu katika mechi tatu: Juma Mkambi dhidi ya Nigeria, na Thuwein mara mbili, dhidi ya Misri na dhidi ya Ivory Coast. Ukipima kwa ugumu wa mazingira, matatu ya Lusaka yanasimama bega kwa bega na matatu ya Kibadeni. Ila Mufulira si watani, basi.

Kwa upande wa Yanga mizani imeanza kubadilika, na hilo ni jema. Fiston Mayele alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2022/23 kwa mabao 7, likiwemo la mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya USM Alger hapa Dar, na Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, wanamkumbuka kwa safari ile ya Afrika na kwa kutetema kwake, mtindo wake wa kushangilia bao, zaidi ya kwa dabi. Mabao yake yapo kwenye simu ya kila mtu. Kibadeni hana bahati hiyo. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990. Mabao ya 1977 yalisikika redioni, yakaandikwa gazetini, yakabaki kwenye vichwa vya waliokuwa uwanjani. Kila mwaka vichwa hivyo vinapungua.

Kwa hiyo tawi lolote la Simba, au la Yanga kwa Gibson Sembuli wao, linalotaka kumtunza mshambuliaji wake lifanye kazi ya mikono. Kazi yenyewe inawezekana kwa daftari na nauli ya daladala.

Anza na tarehe na kalenda. Julai 19, 1977 ilikuwa Jumanne. Gazeti la kutafuta ni la Jumatano Julai 20, na la Alhamisi kwa picha na maoni. Wengi hukosea hapa: wanaomba Mzalendo kwa sababu mechi kubwa wamezoea kuzisoma Jumapili, wanakosa, wanarudi nyumbani wakisema hakuna kitu. Magazeti ya Uhuru na Daily News ndiyo ya kuanzia. Majalada ya magazeti ya zamani yapo katika mkusanyiko wa East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Nyaraka za Taifa, Upanga. Nenda na barua ya utambulisho, tarehe zimeandikwa tayari, usiombe "magazeti ya 1977" kwa jumla.

Kwa kila mechi jaza karatasi moja yenye mambo haya: tarehe ya mechi, shindano, uwanja, matokeo ya mapumziko na ya mwisho, dakika ya kila bao, jina kamili la mfungaji pamoja na la utani, bao lilifungwaje, na nani alitoa pasi. Hilo la mwisho ndilo linalopotea kwanza. Vijiwe vyetu vina hazina ya wafungaji na umaskini mkubwa wa watoa pasi.

Makosa yanayojirudia yanajulikana. Tarehe ya gazeti huandikwa kama tarehe ya mechi, na siku moja inaongezeka bila mtu kujua. Dakika hutofautiana kwa moja au mbili kati ya gazeti na gazeti, maana kila mwandishi alitumia saa yake. Andika zote mbili, usichague unayoipenda. Mechi za kirafiki huchanganywa na za ligi, na hivyo hesabu ya mabao ya straika inavimba. Kombe la Taifa, lililochezwa na timu za mikoa, huhesabiwa kama la klabu. Mchezaji mmoja huonekana kama wawili: mahali fulani Hassan, mahali pengine Masimenti. Na kwa miaka ya kabla ya 1971 lazima utafute Sunderland, kwa sababu ukitafuta Simba hutapata kitu.

Wazee wahojiwe mmoja mmoja, kabla hawajakaa pamoja. Kijiweni sauti kubwa hushinda, na baada ya nusu saa watu watano wanasimulia bao moja kwa maneno ya mtu mmoja. Usimuulize mzee "bao la tatu lilikuwaje?" Atakupa simulizi iliyokwisha kunyooshwa kwa miaka. Muulize alikaa wapi, jukwaa kuu au mzunguko. Simba kipindi cha pili walishambulia goli lipi? Mpira ulitokea upande wake au upande wa mbali? Kibadeni alipofunga alikimbilia wapi? Ukishapata majibu ya watu watatu waliokaa sehemu tofauti, bao linaanza kuonekana. Muulize pia kikosi, lakini kwa tahadhari: watu wengi hutaja kikosi cha miaka mitatu kwa pamoja, wakimwingiza aliyesajiliwa 1979 katika mechi ya 1977. Kikosi cha gazeti ndicho kitangulie, cha mzee kifuate.

Ukiwa na karatasi kama hizo, mabishano yanakuwa matamu zaidi. Badala ya kubishana kama King alikuwa mkubwa, mnabishana alipokea mpira wa dakika ya 89 kutoka kwa nani, na kama ni Masimenti, basi yule mtu aliyekuwa na mawili mkononi alimpa mwenzake la tatu. Hilo likithibitika, nusu ya nyimbo za Msimbazi zitapaswa kuongezwa jina.

Oktoba 20, 2013, Uwanja wa Taifa, watani walikutana tena. Mrisho Ngassa aliifungia Yanga dakika ya 14. Hamis Kiiza akaongeza mawili kabla ya mapumziko, ikawa 3-0. Kiiza alikuwa na dakika 45 nzima za kutafuta la tatu. Kipindi cha pili Simba wakarudisha yote kupitia Betram Mombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze, bao la mwisho dakika ya 85, ikaisha 3-3. Mechi ile ipo kwenye video, kila pasi inaonekana, unaweza kuirudisha ukamtazama Kiiza alivyokabwa baada ya mapumziko. Kocha aliyekaa benchi la Simba siku hiyo alikuwa Abdallah Kibadeni.